Anatafuta pa Kugeuzia

Haya niliambiwa na Sechelela mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yangu, mwaka ule mtama ulipoungua kabla haujatoa masuke. Zilikuwa saa za kujifungia, tumeteremka chumba cha chini kama kila mtu, yeye anachambua choroko na mimi nasuka ukili. Hakuulizwa. Alianza tu, akasema mpaka choroko zikaisha, akaendelea na mikono mitupu. Nayaweka hapa kama alivyoyasema, ila pale alipolia nimeparuka.

*

Gari lao waliliita Kondoo, kwa sababu lilikuwa jeupe na halikuwa na kelele. Loisi, bintiye Sechelela, ndiye aliyelipa jina hilo tangu yuko shule. Siku ile Loisi alikuwa amelala kiti cha nyuma na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli mchana. Mkunga wa Manyoni alimpima alfajiri, akampima tena. Kisha akamwita Sechelela kando, akamwambia ampeleke Tabora kwenye chumba baridi cha watoto, na asingoje jioni.

Sasa, watu hawasafiri mchana. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Tangu saa tano hadi saa kumi dunia inajifungia; nje joto linafika hamsini na kupita, lami inanata kwenye soli. Mwenye safari huchaji gari lake mchana, akaondoka jua likishatua. Ukimwona mtu barabarani adhuhuri, ujue ana mgonjwa, au ana maiti, au gari limemsaliti.

Na kituo cha chaji hakimwonei huruma mtu wa asubuhi. Umeme wake ni wa jua, na jua la saa moja bado ni dogo. Sechelela alichomeka waya akasimama anaangalia namba zinavyopanda kwa uvivu, moja, kisha kimya, kisha moja nyingine.

"Mama, ukilikodolea hivyo litaona haya, halitakula," Loisi akamwambia kutoka ndani.

Wakacheka kidogo. Zilipofika themanini na tatu Sechelela akachomoa. Hesabu alikuwa ameifanya mara mbili: Manyoni mpaka Tabora, kiyoyozi kikiwaka njia nzima, zingebaki nne au tano. Hizo alimwachia Mungu.

*

Walipita Itigi wakaingia vichakani, mahali ambapo hakuna nyumba wala kivuli, ni miiba tu imeshikana kama nywele zisizochanwa. Loisi alikuwa ameacha kuongea. Mama yake akawa anaongea peke yake, anamsimulia mambo ya zamani, jinsi babu yake alivyokuwa akiendesha gari la mafuta lenye kunguruma hadi kuku wanakimbia. Loisi aliitikia kwa pua.

"Kuna gari limesimama mbele, kilomita mbili," Kondoo akasema. Sauti yake ilikuwa ya mwanamume mpole, kama karani wa parokia. "Sheria inakutaka usimame uulize."

Sheria ya Kuchangia ilitungwa baada ya kile kiangazi cha mabasi, abiria walipofia njiani kwa joto, na si sheria mbaya. Inasema ukikuta gari limesimama saa za joto, unasimama, unamuuliza mwenyewe kama ana chaji. Akisema hana, unampa robo ya uliyo nayo. Akisema anayo, gari lako linaandika jibu lake, unaliambia lifunge ombi, unakwenda zako, na hakuna wa kukulaumu. Magari husikia yote na hayasahau. Hata gari lililoishiwa chaji sikio lake halifi, lina kibetri chake kidogo.

Kutoa nako ni kazi. Waya wa kutolea ni mnene kama mkono wa mtoto, tena mfupi, unatoka puani mwa gari hili na kuingia puani mwa lile. Lazima magari yatazamane. Na barabara ya vichakani imepanda juu ya tuta jembamba. Ukitaka kugeuza, unakwenda mbele mpaka upate upana, ndipo urudi.

Sechelela alitazama namba. Arobaini na nane. Kufika Tabora kulitaka arobaini na tatu. Robo ya arobaini na nane ni kumi na mbili. Angetoa kumi na mbili, ingembidi aingie kituo cha Nyahua achaji tena, na huko foleni na jua ndivyo vinavyoamua. Alitazama kioo cha juu akamwona Loisi ameuma upindo wa khanga.

*

Lilikuwa gari dogo la bluu, rangi imefifia, milango yote minne iko wazi. Hakuna anayefungua milango saa hizo kama kiyoyozi kinafanya kazi. Mzee mmoja alikaa juu ya kigoda, katika kivuli chembamba cha gari, amevaa koti zito la msibani. Mkewe alikuwa kiti cha mbele anajipepea na kifuniko cha boksi.

Sechelela alishuka, joto likampiga usoni kama mvuke wa sufuria.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana," mzee akasema, akasogea juu ya kigoda chake kana kwamba kina nafasi ya wawili.

Wakasalimiana kama inavyopasa. Mzee aliuliza habari za nyumbani, za njia, za mvua ya Manyoni, na Sechelela alijibu yote huku nyayo zinamwungua ndani ya viatu. Mzee akajitaja kuwa ni Kitundu, wa Nyahua, na mama huyu ni Bibi Martina. Walitoka kumzika mdogo wake. Waliondoka jana jioni kama watu wenye akili, ila gari lilisema lina arobaini, alfajiri likakutana na kilima kimoja likasema lina tatu.

"Limezeeka kama mimi," akasema. "Asubuhi linajisifu, mchana ulitafute."

Bibi Martina akacheka bila sauti. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akainama kuchungulia dirisha la Kondoo, akauliza kama huyo binti anaumwa. Sechelela akamwambia siku zimemkuta njiani, tena vibaya. Yule bibi akarudi garini mwake, akatoka na kitambaa cha maua kilichofungwa fundo, ndani mna karanga za kukaanga.

Sechelela alishukuru, akasema wamekula. Bibi akasema ni za mgonjwa. Sechelela akasema kweli hata mgonjwa ameshiba. Bibi akamsukumia kitambaa kifuani.

"Basi ni za njiani, mwanangu. Usinirudishie mkono."

Hapo akapokea, kwa mikono miwili, na goti akalikunja kidogo. Ndivyo tulivyolelewa sote, huku kwetu na huko kwao.

Kisha akauliza lile la sheria.

"Baba, chaji mnayo?"

Mzee Kitundu akatabasamu. "Tunayo, mwanangu. Tunapumzika tu."

Jasho lilikuwa limeshamkauka usoni, limeacha chumvi nyeupe kwenye mikunjo. Milango minne iko wazi. Na si punde alikuwa amesema mwenyewe kwamba gari lilibaki na tatu.

"Mama mdogo, nilijua," Sechelela aliniambia. "Nilijua kama unavyomjua mgeni anayesema ameshiba na vumbi la safari bado liko miguuni." Ilibaki aseme tena tu, hapana baba, hebu niwape kidogo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nyuma yake, ndani ya Kondoo, Loisi akatoa sauti, wala haikuwa ya kumwita mtu. Ilikuwa sauti ya chini, ya mnyama aliyebanwa.

"Haya, baba," Sechelela akasema. "Mungu akipenda tutaonana."

Akaingia akafunga mlango. Kiyoyozi kilikuwa kimekula moja wakati wa salamu. Arobaini na saba.

"Mwenye gari amejibu kwamba anayo," Kondoo akasema. "Nifunge ombi?"

Aliondoa gari taratibu, akawapita wale wazee, anatazama mbele.

"Nifunge ombi?"

Ombi lingebaki wazi, asingeruhusiwa kwenda mbali. Kondoo angepunguza mwendo, amrudishe kwa wale wazee mpaka aje mwingine wa kuwauliza. Loisi akasema, "Mama," mara moja.

"Funga."

Kwenye kioo aliwaona wakipunga mkono. Mzee alikuwa ameinuka, anasogeza kigoda chake pembeni ya barabara. Sechelela hakuelewa anafanya nini, wala hakutaka kuelewa.

*

Waliingia Tabora na tatu kwenye skrini. Mtoto alitolewa kwa kisu kabla ya saa nane, wa kike, mdogo kama mkate, akawekwa kwenye chumba baridi. Muuguzi mmoja mtu mzima, anayefuta mikono, alimwambia Sechelela kwamba wangechelewa nusu saa, sasa wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Sechelela aliishika ile nusu saa. Kila alipofumba macho aliitoa akaitazama. Na alikuwa na jambo la pili la kushika: yule mzee alisikia habari za Loisi. Mkewe alichungulia akauliza, naye akajua, ndiyo maana akasema anayo. Alitoa kwa kukataa. Sechelela alijisemea hivyo siku tatu, anamshukuru mzee yule moyoni, anamwombea.

Siku ya nne alipigiwa simu na Baraza la Barabara. Wazee wawili waliokotwa ndani ya gari la bluu saa kumi na moja jioni. Gari la mwisho lililozungumza nao lilikuwa la kwake.

*

Baraza lilikaa Nyahua, alfajiri, watu wapate kumaliza kabla ya joto. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani, hana haraka. Mbele kabisa alikaa Felista, binti wa marehemu, na shangazi yake kikongwe ambaye hakuinua macho.

Mwenyekiti alieleza kwanza jambo ambalo Sechelela alilijua kidogo tu, kama watu wengi. Ombi likifungwa, lile gari lililosimama linawekewa alama nyeupe kwenye ramani ya kila gari linalokuja nyuma. Maana yake, limeulizwa, halihitaji. Wenye kuja nyuma hawalazimiki kusimama. Magari yao hata hayawaambii.

Baada ya Kondoo yalipita magari matatu. Mojawapo lilikuwa lori la maji.

Kisha akafungulia yaliyosikiwa na gari la bluu.

Zilianza salamu, na Sechelela akasikia sauti yake mwenyewe, nzuri, ya mtoto wa watu. Akasikia karanga. Akasikia chaji mnayo, na tunayo mwanangu. Mlango ukafungwa, Kondoo akaondoka bila kelele kama kawaida yake.

"Ameondoka," ilisema sauti ya Bibi Martina.

"Hajaondoka. Anatafuta pa kugeuzia. Hebu nitoe hiki kigoda, pua ya gari lake ipite."

Halafu upepo. Mwenyekiti hakuruka mahali. Watu walikaa wakasikiliza upepo wa vichakani ndani ya chumba, na kifuniko cha boksi kinavyopepea.

"Baba Felista, bonyeza kile kitufe cha kuomba."

"Nimeshamwambia tunayo. Nitaomba tena kwa uso gani? Ngoja. Atarudi atuambie tuchukue. Yule amelelewa."

Likasikika gari likija kwa mbali, magurudumu mengi, mazito. Halikupunguza mwendo. Baadaye la pili, baadaye sana la tatu. Katikati yake kifuniko cha boksi kikaacha kupepea.

"Anatafuta pa kugeuzia," mzee akasema tena. Sasa maneno yalikuwa yanamnata mdomoni. Mkewe hakuitikia. Mzee alisema mara nyingine moja, si maneno yote, nusu yake, na Mwenyekiti akazima.

Ndipo lile jambo la pili alilokuwa amelishika Sechelela likamtoka mikononi. Mzee hakutoa kitu. Alikuwa anangoja kuambiwa mara ya pili.

Mwenyekiti alivua miwani akatamka uamuzi bila kuusoma. Sechelela hana kosa. Aliuliza, akajibiwa, akafunga. Akapewa karatasi yenye muhuri inayosema hivyo.

Felista akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama sheria inasema mtu aulizwe mara ngapi.

"Inasema aulizwe," Mwenyekiti akajibu. "Haisemi mara ngapi."

Felista akashukuru, akakaa.

*

Watu walipokuwa wakitoka, Felista alikuja dirishani kwa Kondoo. Alikuwa mwanamke mrefu, wa rika la Sechelela, ana tabasamu la baba yake lililokaa vibaya usoni.

"Wewe ndiye uliyewaona wa mwisho. Utakuja nyumbani utuambie."

Hakuwa anaomba, na Sechelela hakuhitaji kuombwa. Kwao na kwetu ni hivyo hivyo. Nyumba ya wafiwa haifungi matanga kabla aliyemwona marehemu wa mwisho hajafika akasema alichokiona. Sechelela alimfuata.

Walikaa jikoni, yeye na Felista na shangazi, na akasema yote. Alisema koti, na kigoda, na milango minne. Alisema chumvi usoni. Alitoa kitambaa cha maua, amekifua, amekijaza karanga zake mwenyewe, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Shangazi alikipokea akakinusa, kikawa kinanuka sabuni ya Sechelela, akakiweka chini.

"Ulijua kwamba hawana?" Felista akauliza.

"Nilijua."

"Ungewapa, mtoto wako angekufa?"

"Labda angekufa. Labda asingekufa. Dada, sijui, na nimejaribu sana kujua."

Felista alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Akauliza mtoto anaitwa nani. Sechelela akasema bado hajapewa jina. Loisi anataka kumwita Martina, kwa ajili ya yule bibi mwema wa karanga, kwa sababu Loisi hajaambiwa mengine.

Shangazi akainuka kwa magoti yake mabovu, akateremka chumba cha chini, maana saa tano zilikuwa zimekaribia na ukuta ulianza kutoa joto.

Felista akapakua. Ugali wa mtama, mlenda, na paja la kuku, sahani ya mgeni. Sechelela alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Aliendesha usiku kucha awahi Baraza. Mate yalimjaa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akaificha mapajani.

"Karibu chakula," Felista akasema.

Mdomo ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa kabla haujaota meno.

"Asante, dada. Nimeshiba."

Felista alisimama na sahani mkononi. Alimtazama Sechelela usoni, akashuka hadi mapajani kwenye ile mikono, akarudi usoni. Mvuke wa ugali ulipanda katikati yao. Alitazama kwa muda mrefu, hana hasira, anatazama tu, mpaka Sechelela akaelewa kwamba anahesabiwa.

"Haya," Felista akasema.

Akafunika sahani. Akamwonyesha ngazi za kuteremkia.

Chini palikuwa na giza na ubaridi wa udongo. Shangazi alikuwa ameshalala, anakoroma kidogo kidogo. Sechelela akajinyoosha kwenye mkeka aliowekewa, mtandio chini ya kichwa. Juu alisikia hatua za Felista, kabati likafunguliwa, likafungwa. Hatua zikaja hadi kwenye ngazi, zikasimama. Sechelela aliinua kichwa. Zikarudi nyuma hatua mbili, na moyo wake ukaruka kwa aibu na kwa tamaa pamoja, akafikiri anageuka kuichukua ile sahani. Kisha zikateremka, na Felista akaingia mikono mitupu, akalala akaelekea ukutani. Alikawia kusinzia. Hata hivyo alikuwa hajalala wiki nzima, na mwishowe pumzi zake zikawa ndefu.

Tumbo la Sechelela lilinguruma, akalikandamiza kwa ngumi lisije likawaamsha. Harufu ya mlenda ilikuwa imeshuka nao. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamelala, hakuna aliyebaki juu, na yeye alijua hivyo. Lakini aliendelea kugeuzia sikio lake kwenye zile ngazi, anasikiliza kama kuna mtu anarudi, mpaka usingizi ukamchukua.